Kaske Iliyoimba Upande Mmoja

Jumamosi asubuhi, katika nyumba ya Papa François huko Kikula, mjini Likasi, watu walinyata. Papa François alifanya kazi ya usiku kwenye machimbo ya mawe ya chokaa ya Kakontwe, karibu na mashine ya kuponda mawe. Asubuhi alirudi na vumbi jeupe hadi kwenye nyusi, akaoga, akanywa chai, akalala. Mkewe, Mama Alphonsine, alifagia uwanja polepole. Sufuria ziliwekwa chini kwa uangalifu, na jirani aliyetaka kusalimia alipunga mkono tu. Kila mtu aliijua sheria hiyo na kuifuata, isipokuwa Aimée.

Aimée alikuwa msichana wa miaka kumi na mmoja, mwembamba, mwepesi wa kucheka na asiyeweza kutulia mahali pamoja. Alipenda mchezo wa mpira wa kwenye kompyuta kuliko kitu kingine chochote. Kompyuta yenyewe ilikuwa kuukuu. Aliiacha mjomba wao, Tonton Dominique, alipohamia Kakanda kutafuta kazi. Umeme ulipokuwapo, Aimée aliketi mbele yake kwenye kona ya sebule, akachagua timu yake, na nyumba nzima ikajaa vifijo vya watazamaji, filimbi, na mtangazaji aliyepiga mayowe kwa Kifaransa. Kaka yake Arsène, mwenye miaka kumi na minne, alikuja akapunguza sauti. Alipogeuka tu kuondoka, Aimée alikwisha kuiongeza tena.

Na si mchezo peke yake. Siku hizo Aimée alikuwa amewachosha watu wote. Mama alimwita akachote maji, akamwita tena, na alipomwita kwa hasira Aimée aligeuka na kuuliza, “Eh?” kana kwamba ndiyo mara ya kwanza. Shuleni, katika imla, aliandika maneno ambayo mwalimu hakuyasema. Mwalimu alimsimamisha Mama Alphonsine baada ya misa na kumweleza kwamba binti yake amekuwa mzembe, haangalii, hajali. Mama alirudi nyumbani amekunja uso. Alimsema Aimée kutwa nzima.

“Weye, mutoto, iko na masikio kweli?” alimwuliza.

Aimée alinuna. Hakujua amekosa nini. Yeye aliona kwamba watu wa nyumba hiyo walikuwa na tabia ya kunong’ona, kisha kukasirika.

Jumamosi hiyo ninayoisimulia, timu ya Aimée ilifunga bao, na mtangazaji akapiga ukelele uliotikisa kioo cha dirisha. Mlango wa chumba ukafunguka. Papa François alisimama hapo kwa suruali ya kulalia, macho mekundu. Hakuwa mtu wa kupiga kelele. Alitembea hadi kwenye kompyuta, akaizima, akakaa kwenye kiti.

“Aimée, minye nimechoka,” alisema. “Kompyuta hii inarudi kwa Dominique, ao tunapata namna ya kuifunga mdomo.”

Mama Alphonsine ndiye aliyetaja kaske, maana aliwahi kuiona kwa mtoto wa jirani. Watu wa Likasi huita kaske vile visikilizio vikubwa vinavyofunika masikio yote mawili, na zile zinazotumiwa kwa michezo ya kompyuta huwa na kijiti cha mikro, yaani kipaza sauti, kinachokuja mbele ya mdomo. Mchezaji huvaa, akasikia kila kitu peke yake, na aliyelala akaendelea kulala. Papa François alikubali kwa masharti. Iwe ya bei nafuu. Iwe ya waya, kwa sababu zisizo na waya ni ghali na lazima zichajiwe, na umeme wa Kikula hutoka na kurudi unavyotaka wenyewe. Tena Arsène aende pamoja na Aimée, maana Arsène anavijua vitu hivyo na hatadanganywa na wauzaji.

Arsène alikuwa tayari amevaa viatu vya mpira. Wenzake walikuwa wanamngoja uwanjani. Alimtazama mama, akamtazama baba, akavua viatu. Njia nzima ya kwenda sokoni alitembea mbele, na kila alipomwambia dada yake kitu, ilibidi arudie.

Alimweleza mambo ya kutazama. Kwanza, kichwa cha waya kiwe kimoja, kwa sababu kompyuta yao ina tundu moja tu, na kaske nyingi zina vichwa viwili, kimoja cha sauti na kimoja cha mikro. Pili, mito ya masikioni iwe laini na isibane. Tatu, waya uwe mnene pale unapoingia kwenye kichwa chake, maana hapo ndipo hukatika. Taa za rangi zisimshughulishe, kwa kuwa taa hazisaidii kusikia. Aimée aliitikia kwa kichwa. Kwa kweli alikuwa amesikia nusu.

Duka la kwanza lilikuwa la kijana aliyeitwa Banza. Alipanga bidhaa zake juu ya meza chini ya mwavuli mpana: simu za zamani, chaja, betri, tochi, na kaske zilizoning’inia kwenye kamba kama samaki wa kukausha. Aimée alinyoosha mkono moja kwa moja kwenye kaske yenye taa za zambarau na masikio ya paka juu. Arsène aliigeuza, akaona vichwa viwili vya waya, akairudisha kwenye kamba. Banza alisema wanaweza kununua kiunganishi. Arsène alisema hawakuja kununua kiunganishi. Mwishowe walipata nyeusi, ya kawaida, yenye kichwa kimoja, na bei yake ilikuwa ndani ya uwezo wao. Banza aliichomeka kwenye simu yake na kuweka muziki. Aimée akaivaa.

Alisikiliza kidogo, kisha akaivua. Alisema upande wa kushoto hauna sauti.

Banza aliivaa mwenyewe. Alitikisa mabega kwa mdundo wa muziki, akasema pande zote mbili zinaimba vizuri. Arsène naye aliijaribu, na ni kweli, zilikuwa zinaimba. Wakampa Aimée tena. Alishikilia neno lake: kushoto kimya. Banza alifungua nyingine, kisha nyingine. Kushoto kimya, kushoto kimya. Banza alizirudisha kwenye maboksi akisema mchana ndio kwanza umeanza na yeye hana nguvu za kubishana na mteja ambaye hataki kununua.

Mezani pa pili mambo yalikuwa yale yale, ila muuzaji hakuwa na subira ya Banza. Baada ya kaske ya pili aliwafukuza. Aliwaambia majirani zake kwa sauti kwamba watoto hawa wametumwa kuharibu bei, wanasema kitu ni kibovu ili wakipate bure. Watu waligeuka kuwatazama. Arsène alihisi masikio yake yakiwaka moto. Mwalimu wake wa katekisimu alikuwa anapita na kikapu cha mboga, na alimwona.

Akiwa anatembea katikati ya mashada ya sombe, majani ya muhogo, na mafungu ya nyanya, Arsène alidhani ameielewa siri. Alimkumbuka Aimée alivyoishika ile kaske ya taa za zambarau. Bila shaka anazikataa zote za bei nafuu ili kaka yake achoke, akubali ile ya masikio ya paka. Alikuwa amevua viatu vyake vya mpira kwa ajili ya ujanja huo. Hasira ilimpanda kifuani, lakini alijizuia, akasema watajaribu mahali pamoja tu, pa mwisho.

Mahali pa mwisho palikuwa kibanda cha Mama Fortunée, mwanamke mnene mwenye miwani aliyekuwa akiuza redio na nyaya tangu Arsène akiwa mtoto mchanga. Aliwapa viti. Aliuliza kompyuta ni ya namna gani, akachagua kaske moja ya kijivu yenye mito ya kitambaa na kichwa kimoja cha waya, akaichomeka kwenye redio. Aliijaribu kwanza yeye mwenyewe, akaridhika, akamvalisha Aimée.

Aimée aliinamisha kichwa. Alikuwa tayari amechoka na mwenyewe aliogopa kusema.

“Yaya,” alimwambia kaka yake polepole, “upande huu iko kimya.”

Mama Fortunée alishusha pumzi, akavua miwani, akaifuta kwa kitenge. Alisema kaske hii ameipokea wiki hii na hakuna aliyeigusa. Arsène hakungoja amalize. Aliruka kitini, akaishika kaske kichwani mwa dada yake.

“Unadanganya,” alisema. “Tangu asubuhi unadanganya. Unataka ile ya taa. Sasa nitakuonyesha.”

Akaivua kwa nguvu, akaigeuza nyuma mbele, akamvalisha tena. Upande uliokuwa sikio la kulia sasa ulikuwa sikio la kushoto. Alimwambia aseme sasa ni upande gani wa kaske ulio kimya. Alikuwa amempania: kama kaske ni mbovu, ule upande mbovu sasa utakuwa kimya kulia.

Aimée alisikiliza. Akainua mkono, akaonyesha sikio la kushoto.

Arsène aliigeuza tena. Aimée akaonyesha kushoto. Aliigeuza mara nyingine, taratibu zaidi, na mkono wa Aimée ukaenda pale pale. Mama Fortunée alirudisha miwani usoni. Redio iliendelea kuimba ndani ya kaske kwa sauti ndogo. Mtu anayedanganya angehama pamoja na kaske; Aimée hakuhama.

Ndipo Arsène alipokumbuka mengine. Mezani, Aimée alipokaa kulia kwa mama, hakumjibu mama. Alipokaa upande wa pili, alijibu. Darasani dawati lake lilikuwa kwenye ukuta wa kulia, na mwalimu alisomea imla upande wa kushoto, mbele ya dirisha. Hasira yote ilimtoka, na mahali pake pakaingia kitu kibaya zaidi kuliko hasira.

“Kaske iko muzima,” alisema Mama Fortunée kwa upole. “Mutoto, sikio lako linakuuma?”

Aimée alianza kulia. Alieleza kwa maneno yaliyokatika kwamba haliumi sana, linawasha tu, na linakuwa zito kama la mtu aliyeingiwa na maji wakati wa kuoga. Muda mrefu uliopita, lilipoanza kuwasha, alizungusha pamba kwenye kijiti cha kibiriti na kujikuna ndani. Kijiti kilitoka bila pamba. Alijaribu kuitoa kwa kidole, ikaingia zaidi. Mama alikuwa amemkataza mara nyingi asitie vijiti masikioni, kwa hiyo hakuthubutu kumwambia. Siku zilipita, hakuihisi tena, akadhani imetoka yenyewe usingizini. Hakujua kwamba hasikii. Alidhani watu wamepunguza sauti zao.

Mama Fortunée aliirudisha kaske ndani ya boksi lake. Aliwaambia kwamba leo hatawauzia kitu, waende nyumbani wakamwambie mzazi.

Njiani Aimée alimshika Arsène mkono. Alimwomba asiseme. Wangerudi kwa Banza, wanunue yoyote, yeye angecheza kwa sikio moja na hangelalamika tena kamwe. Kama mama akijua habari ya kijiti, atakasirika, na baba ataipeleka kompyuta Kakanda, na hapo kila kitu kitakwisha. Aliahidi kumfulia Arsène nguo.

Arsène alisimama. Uwanja wa mpira haukuwa mbali. Aliweza kusikia wenzake wakiitana. Ingekuwa rahisi. Wangenunua kaske, nyumba ingetulia, baba angelala, na yeye angewahi kipindi cha pili. Alimtazama dada yake, ambaye alikuwa amegeuza uso wote ili sikio la kulia limwelekee. Alikuwa akifanya hivyo kila siku, na Arsène alikuwa akidhani ni madaha.

Alimwambia atasema yeye, na kama kuna kugombezwa, wagombezwe pamoja.

Papa François alikuwa ameamka, anakula bukari, ugali wa mahindi. Arsène alieleza yote mwanzo hadi mwisho, pamoja na neno alilomtukana nalo dada yake sokoni. Mama Alphonsine alifungua kinywa kumkaripia Aimée kwa sababu ya kijiti, lakini mumewe alimwekea mkono begani. Kazini kwake, watu wanaosimama karibu na mashine ya kuponda mawe huvaa vikinga masikio, na aliwafahamu wawili waliovidharau ujanani, ambao leo wanazungumza na wake zao kwa ishara. Alinawa mikono, akavaa shati. Chakula kilibaki mezani.

Katika kituo cha afya walingoja foleni ndefu kwenye benchi. Muuguzi Germaine, mwanamke mwenye sauti kavu na mikono mepesi, alimulika sikio la Aimée kwa taa ndogo, akatoa mluzi mdogo. Alimwambia Arsène amshike dada yake kichwa ili kisitikisike. Kwa koleo jembamba alitoa kitu cheusi chenye harufu mbaya, kilichokuwa pamba hapo zamani, kimegandamana na nta na usaha. Aimée alibana meno. Muuguzi aliusafisha mlango wa sikio, akamulika tena, akasema ngoma ya sikio haijatoboka, ila ngozi ya ndani imevimba na ina vidonda. Alitoa dawa ya matone. Kisha aliwageukia wazazi na kuwaambia kwamba wangeendelea kungoja, huenda angekuwa anawaambia habari nyingine. Kwa Aimée alisema sikio hujisafisha lenyewe, na kitu chochote cha kuchokoa, kiwe kijiti au kalamu au ufunguo, husukuma uchafu ndani na kinaweza kutoboa ngoma. Likiwasha au likiuma, mtu anakuja hapa.

Kusikia hakukurudi siku ile. Kulirudi kidogo kidogo, kila dawa ilipotiwa na uvimbe kupungua. Asubuhi moja Aimée aliamka akauliza ni nani anayekwaruza ukuta, na ilikuwa ufagio wa mama uwanjani. Halafu ikawa taabu ya namna nyingine. Alilalamika kwamba pikipiki zinapita karibu mno, bomba linadondosha maji, na Arsène anatafuna kwa sauti kama mbuzi. Arsène alisema bora angemwacha na pamba yake, lakini alitafuna huku amefunga mdomo.

Mama Alphonsine alikwenda shuleni kumweleza mwalimu. Mwalimu akamwomba Aimée msamaha mbele ya darasa. Mama mwenyewe alipata shida zaidi kuyasema maneno hayo. Jioni moja alimkalisha binti yake kwenye mkeka, akawa anamsuka nywele, na akiwa nyuma yake, alimwambia kwamba alimfokea kwa kosa ambalo halikuwa lake, na kwamba jambo hilo linamuuma.

Muuguzi alipomwona tena na kusema sikio limepona, walirudi kwa Mama Fortunée, safari hii pamoja na baba. Kaske ya kijivu ilikuwa bado ipo. Aimée aliivaa, akafumba macho. Alisema sauti inatoka pande zote mbili, na mpiga gitaa yuko kushoto. Mama Fortunée alimtazama Arsène kwa juu ya miwani, na Arsène akatazama viatu vyake.

Nyumbani, kabla ya kompyuta kuwashwa, Papa François aliwaita wote wakakaa. Alimwonyesha Aimée mahali pa kuweka sauti na asipite hapo: akiwa amevaa kaske, aweze bado kumsikia mtu anayemwita kutoka mlangoni. Mashine ya mawe na kaske, alisema, kwa sikio ni kitu kimoja, kama sauti imezidi. Kisha akakunja na kukunjua waya mkononi mwake.

“Aimée, mwili ukiwa na shida, unasema, hata kama shida hiyo umejiletea mwenyewe,” alisema. “Tutakugombeza, ndiyo, halafu tutakupeleka kwa dawa. Ukificha, hakuna wa kukusaidia. Na sisi wakubwa tuna letu. Mutoto hakusikia, tukapiga kelele. Hakusikia tena, tukaongeza kelele. Hakuna hata mumoja wetu aliyekaa chini kumwuliza kwa nini hasikii. Tangu leo, katika nyumba hii, tunauliza kwanza.”

Akampa Aimée kaske, akaingia chumbani kulala.